Nehemia Aliomba, Kisha Akaomba Barua



Nawasalimu ninyi wa Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura, ninyi wa Kigoma na Kasulu, ninyi wa Uvira, Baraka na Kalemie, na ninyi mliotawanyika mbali ambao jarida hili la kumbukumbu litawafikia kwa simu. Haya ni maneno niliyosema siku ya pili ya mkutano wetu wa maadhimisho hapa Rumonge. Ndugu wa kamati wameniomba niyaandike ili na ambaye hakuwepo ayasome. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa hiyo unisamehe pale utakapoona naongea kuliko kuandika.

Nataka kusema na wewe muuguzi. Hasa wewe uliyesomea kazi maalum: mashine ya kusafisha damu, wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Umepata ujumbe kwenye simu kwamba kuna kisiwa fulani wanatafuta mtu kama wewe. Moyo umeanza kudunda. Nataka pia kusema na wewe mzazi wake, na wewe mchungaji ambaye Jumapili ijayo utaletewa pasipoti uiombee.

Kwa nini jambo hili, katika sikukuu ya shukrani? Kwa sababu siku hizi ushuhuda mkubwa makanisani mwetu ni visa. Mtu akisema ameokoka, tunapiga makofi. Akisema visa imetoka, kanisa lote linasimama, vigelegele, kinanda kinapanda. Si ndiyo? Na mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Basi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 dada mmoja wa ushirika wetu alikuwa muuguzi Bujumbura, kwenye mashine za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Kazi hiyo hujifunzi kwa wiki mbili. Akaja komisioneri mmoja, mtu wa maneno matamu, anasema amina kabla hujamaliza sentensi. Akasema kuna hospitali kwenye kisiwa kimoja cha mbali, mshahara mara kumi ya ule wa hapa, nyumba bure, tiketi bure. Kinachotakiwa ni pesa ya kufungua faili.

Mama yake ni mjane. Alikuwa na shamba la michikichi ambalo familia ililirudia baada ya miaka mingi ya ukimbizi Tanzania. Ninyi wa pwani hii mnajua shamba kama hilo maana yake ni nini. Mama alinijia jioni, akakaa kwenye kiti cha nje, akaniuliza, "Mwinjilisti, niuze?"

Sikumwuliza kampuni inaitwaje. Sikuomba kuona mkataba. Na hata ningeuona, uliandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha kuimbia tu. Nilimjibu, "Mama, uza kwa imani. Bwana akishafungua, nani atafunga?"

Aliuza. Jumapili nikaiinua pasipoti ya binti yake mbele ya kanisa, tukapiga kelele za ushindi.

Dada alifika kisiwani. Hakukuwa na hospitali. Kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba mzee asiyeweza kuamka kitandani, na jiko, na nguo za watu tisa. Siku ya kwanza walichukua pasipoti yake. Kwenye visa, kazi iliyoandikwa ilikuwa mtumishi wa nyumbani, na visa hiyo ndiyo ile ile niliyoiinua kanisani bila kuisoma. Alikaa miezi 22.

Sasa sikiliza aibu yangu. Katika miezi hiyo nilimpigia simu mara mbili. Sikupiga kumwuliza habari zake. Nilipiga kumwomba mchango wa mabati ya kanisa. Alituma. Baadaye nilijua kwamba aliazima kwa mwenzake, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajalipwa miezi minne.

Aliporudi nilikwenda nyumbani kwao kusalimia. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti kile kile. Akasema kwa upole, bila hasira, "Mwinjilisti, mimi sikuuza kwa imani. Niliuza kwa neno lako."

Ndugu zangu, nimehubiri miaka mingi, lakini hiyo sentensi ndiyo imenihubiria mimi.

Baada ya hapo nilirudi kwenye Biblia nikiwa na swali moja: mtu wa Mungu anavukaje maji? Nikafungua Matendo ya Mitume 27. Paulo yuko njiani kwenda Roma, majira ya safari yamepita, anawaonya kwamba mbele kuna hasara. Lakini ofisa wa jeshi anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Na ukisoma mstari wa 13 utaona kilichowadanganya: upepo wa kusini ulivuma taratibu, wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga.

Wavuvi wa Rumonge, ninyi mnanielewa kuliko wachungaji. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, ule upepo wa kusini unaweza kuanza kama mtu anayekupepea kwa kitambaa. Kijana mgeni anasema, leo ziwa ni zuri, twende tukavue ndagala. Mzee anaangalia maji, anaangalia anga, anavuta mtumbwi juu. Saa mbili baadaye ziwa linapanda. Mzee naye anapenda samaki, ila anajua kwamba upepo laini si ruhusa.

Komisioneri mwenye maneno matamu ni upepo laini. Ujumbe unaosema "nafasi zimebaki tatu, lipa leo" ni upepo laini. Na unabii wa haraka wa mwinjilisti ambaye hajasoma karatasi, nao ni upepo laini. Nimewahi kuwa upepo huo.

Basi tufanye nini? Tukataze watu kuvuka? Hapana. Nilimkuta Nehemia.

Nehemia alisikia habari ya kuta za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi minne. Miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba. Nani katika sisi ameombea visa miezi minne? Lakini sasa tazama alichofanya mfalme alipomkubalia. Soma Nehemia 2, mstari wa 7 na wa 8. Hakukimbilia njiani akipiga shangwe. Aliomba barua. Barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wampitishe mpaka afike Yuda. Na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti. Alijua jina la mtunza msitu! Maana yake alikuwa ameshauliza, ameshapeleleza, anajua ofisi gani inatoa nini.

Mtu aliyeomba miezi minne ndiye huyo huyo aliyedai karatasi. Sisi tumegawanya kitu ambacho Biblia haikukigawanya. Tunasema mwenye imani haulizi sana. Nehemia aliuliza sana kwa sababu alikuwa na imani.

Kwa hiyo, wewe muuguzi, kabla hujavuka, tafuta barua tatu.

Barua ya kwanza ni leseni. Uuguzi si kama biashara ya vitenge, kwamba ukifika unafungua meza. Kila nchi ina baraza lake, na bila jina lako kwenye daftari la baraza hilo, wewe si muuguzi huko, hata kama hapa umeokoa watu miaka 15. Nchi za Ghuba huhakiki karatasi zako kwenye shule iliyokupa diploma na mahali ulipofanyia kazi kabla ya kukupa leseni. Basi uliza shuleni kwako: kuna mtu yeyote amewaandikia kuuliza habari zangu? Kama komisioneri anasema leseni imeshatoka na shule haijaulizwa kitu, kaa chini, ndugu yangu. Usipakie.

Uingereza nayo ni kisiwa, ingawa hatuiiti hivyo. Huko lazima ufaulu mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, kisha mtihani wa vitendo ukishafika, na pia uoneshe Kiingereza chako. Kwenye mtihani wa IELTS wanataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Usidharau hilo. Mwaka 2021 waziri wa afya wa Kenya alisema hadharani kwamba kati ya wahudumu wa afya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, walifaulu 10 tu. Hao ni Wakenya waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunahitaji nini? Tunahitaji muda, na daftari, na unyenyekevu.

Mwingine atasema, basi mimi naenda kwa Wafaransa. Najua wengi wetu, kutoka Burundi na Kongo, wamepita Tanzania na Komoro kutafuta Mayotte. Kisiwa kile kiko karibu kilomita 70 tu kutoka Anjouan, na vyombo vidogo vinavyoitwa kwasa-kwasa vimezamisha watu wengi sana katika maji hayo. Tangu 1995 hata Mkomoro anatakiwa awe na visa kuingia. Lakini hata ukifika salama, jua hili: diploma ya uuguzi iliyotolewa nje ya Ulaya haikupi moja kwa moja ruhusa ya kufanya kazi chini ya sheria ya Ufaransa. Utakuwa na diploma mfukoni, hospitali ya Mamoudzou inazalisha watoto usiku na mchana, na hutaruhusiwa kushika sindano. Huo ni uchungu mwingine.

Barua ya pili ni mkataba na visa, na zote mbili ziseme kitu kimoja. Angalia kazi iliyoandikwa kwenye visa. Kama mkataba unasema muuguzi na visa inasema mtumishi, amini visa. Kama visa ni ya utalii, hakuna kazi hapo. Angalia jina la hospitali, kisha tafuta namba ya hospitali mwenyewe, usitumie ile uliyopewa na komisioneri, uwapigie. Angalia mshahara, saa za kazi, nani analipa tiketi ya kurudi, na ukiacha kazi kabla ya mwaka unadaiwa kiasi gani. Kama hujui lugha, usiweke sahihi mpaka mtu asiye na faida katika jambo hilo akutafsirie. Na pasipoti ni yako. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti kuwa moja ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Yeyote akuombaye aitunze kwa usalama wako, mwambie nitaitunza mwenyewe.

Angalia pia utaanzia ngazi gani. Dada mwenye miaka kumi kwenye mashine anaweza kufika Uingereza akalipwa chini ya muuguzi mpaka afaulu mtihani wa vitendo, halafu aanze ngazi ya chini ya wauguzi pamoja na waliomaliza shule mwaka huo. Si dharau, ni utaratibu wao. Lakini kama hukuambiwa, utalia usiku.

Barua ya tatu ni ya pesa. Hapa nitasema polepole. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani ni kwamba mfanyakazi hapaswi kulipa ada ya kutafutiwa kazi. Mwenye kuhitaji mfanyakazi ndiye alipe. Utagharamia pasipoti yako, mitihani yako, pengine vyeti kutafsiriwa, na kila kimoja utapewa risiti. Lakini yule anayesema nipe pesa ya kufungua faili, halafu pesa ya bosi, halafu pesa ya kuharakisha, huyo anauza hewa. Na shamba lisiuzwe. Narudia kwa ajili ya wazazi: shamba lisiuzwe. Mwana Mpotevu mwenyewe aliporudi alikuta nyumba ya baba bado ipo.

Kuna wanaovuka kwa njia iliyonyooka, nisije nikawatisha tu. Kisiwa cha Barbados, kule Karibea, kilikuwa na uhaba wa wauguzi wa kazi maalum. Serikali yake ikakubaliana na serikali ya Ghana, na mwaka 2020 wauguzi 95 wakasafiri kwa makubaliano hayo. Kenya nayo ilitia sahihi na Uingereza mwaka 2021. Hapo unaona barua ya mfalme kwa liwali wa ng'ambo.

Sasa tufike pagumu. Mtu mmoja aliniuliza mkutanoni, "Mwinjilisti, kuondoka si dhambi? Wagonjwa wetu je?"

Swali lake ni la haki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Burundi imo. Kongo imo. Tanzania imo. Uganda imo. Kwa sababu ya orodha hiyo, kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja huku kuwinda wauguzi. Kumbe yule anayekuambia ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi Burundi, tayari amejifunua. Lakini kanuni hizo hazimkatazi muuguzi mwenyewe kuomba kazi kwa jina lake, kwa mkono wake.

Upungufu upo dunia nzima. Shirika hilo hilo lilihesabu wauguzi karibu milioni 30 mwaka 2023, na bado wamepungua milioni 5.8. Muuguzi mmoja kati ya saba duniani anafanya kazi nje ya nchi alikozaliwa. Si wewe uliyeanzisha jambo hili.

Lakini mtu mwenye figo zilizokufa anahitaji mashine mara mbili au tatu kila wiki. Hawezi kusubiri mwaka mmoja mtu mwingine asomeshwe. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia ondoka tu, Mungu atajua. Wala siwezi kukuambia baki ufe maskini ili sisi tupate wa kutuuguza, halafu tukikupa shukrani tunakupa soda. Hiyo nayo ni dhambi, dhambi yetu sisi.

Nasema hivi: usiondoke kabla hujamfundisha mmoja. Eliya hakupanda na vazi lake, lilimwangukia Elisha. Paulo alipoondoka Krete, ambacho nacho ni kisiwa, alimwacha Tito atengeneze yaliyosalia. Mfundishe mmoja, na kama unaweza wawili, mpaka waweze kufanya bila kukupigia simu. Aga mkubwa wako wa kazi mapema, usitoroke usiku. Mtu aliyetumwa huaga.

Na tukumbuke kwamba sisi wenyewe ni matunda ya watu waliovuka. Mwaka 1935 wamisionari wa Kipentekoste walitoka Uswidi wakafika Burundi, wakaanzia Kiremba, hapa kwetu kusini. Walileta Injili, na pamoja nayo dawa na kalamu. Kuna mama huko Uswidi aliyelia binti yake alipopanda meli. Hakuna kisiwa wala nchi ambayo haijawahi kupokea mtu aliyeliliwa na mama yake. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na kanisa nyuma yao lililojua wako wapi, wanakula nini, na watarudi lini kupumzika.

Hapo ndipo neno langu kwenu wachungaji na wazee wa kanisa. Tumezoea kumtuma mtu kwa mikono miwili: mkono wa kuombea na mkono wa kupokea. Tunamwombea akiondoka, tunampokelea pesa akifika. Huyo anakuwa mgodi, hatujamtuma. Tukubaliane leo: muuguzi akifika ng'ambo, miezi sita ya kwanza hakuna mtu wa kanisa anayempigia kuomba mchango. Anapigiwa kuulizwa: umelala? umekula? umelipwa? unaabudu wapi? Na mume aliyebaki na watoto atembelewe. Na watoto wakiugua, wazee wa kanisa wajue kabla ya mama kujua kwenye simu usiku wa manane.

Kisha kila kanisa la ushirika wetu liwe na watu watatu wa kusoma karatasi. Mmoja anayejua Kiingereza. Mmoja aliyefanya kazi hospitali. Mmoja aliyewahi kwenda akarudi, awe alifanikiwa au alidanganywa. Hao watatu wasome kwanza, mchungaji aweke mikono baadaye. Tuna makanisa nchi tatu kuzunguka ziwa hili. Kama Rumonge hakuna wa Kiingereza, Kigoma yupo. Kama Kigoma hakuna aliyefika Ghuba, Uvira yupo. Hiyo ndiyo faida ya ushirika usiojua mpaka.

Na wewe uliyekwisha kufika kisiwani, unasoma haya kwenye kitanda cha chumba cha kupanga, kumbuka Malta. Watu 276 waliogelea na kushika mbao, wakafika wote. Matendo 28 inasema wenyeji waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo, mtume mzima, aliokota kuni. Usikae kungoja kuhudumiwa. Okota kuni. Nyoka alipomng'ata, wenyeji wakasema ni muuaji. Alipokosa kufa, wakasema ni mungu. Siku moja hiyo hiyo! Nawe watakuhukumu hivyo. Asubuhi mgonjwa atakataa mkono wako mweusi, jioni mwingine atakuita malaika. Usiamini sana lolote kati ya hayo mawili.

Kisha baba yake Publio aliugua homa na kuhara damu, Paulo akamwombea, akamwekea mikono, akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Na Luka alikuwepo hapo. Anaandika "sisi", na katika Wakolosai 4:14 anaitwa tabibu. Mhubiri na mtu wa dawa walikuwa kisiwa kimoja, miezi mitatu, na hakuna mahali ninaposoma kwamba mmoja alimdharau mwenzake. Kwa hiyo ukimgeuza mgonjwa ubavu ili asipate vidonda, unahudumu. Usidhani huduma ni mpaka ushike maikrofoni.

Namalizia na yule dada.

Aliporudi alipumzika, kisha akaomba kazi tena kwenye mashine zile zile Bujumbura. Miaka miwili alisoma Kiingereza baada ya kazi, na kwenye basi la kuja Rumonge alikuwa na daftari magotini. Mtihani wa kwanza alianguka katika kuandika. Wa pili akapita. Akaomba kazi mwenyewe, hospitali moja ya Uingereza, bila komisioneri, akahojiwa kwa video akiwa nyumbani kwa mama yake. Mkataba ulipokuja tuliusoma jioni nne. Mwalimu mmoja wa Kigoma alitutafsiria kwa simu, mstari kwa mstari, nami nikauliza maswali mpaka dada akacheka akasema, "Baba Mwinjilisti, sasa umezidi." Nikamwambia acha nizidi, nina deni.

Kabla ya kuondoka aliwafundisha vijana wawili mashine. Wapo mpaka leo kazini.

Shamba halikurudi. Aliyelinunua amejenga hapo, ana watoto hapo. Kila mwezi nampelekea mama kidogo nilichonacho, na ndugu kadhaa tuliopiga kelele siku ile wananisaidia. Hatujafika nusu. Siandiki hili ili nisifiwe. Naandika ili mchungaji mwenzangu ajue kwamba neno "uza kwa imani" lina bei, na bei hiyo wewe hutailipa siku unayolisema.

Jumapili ya kumwaga, kanisa lilisimama kama kawaida. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuomba. Lakini mama yake alitoka kwenye benchi lake, akaja mbele polepole, akaniambia kwa sauti ndogo, "Leo nitaomba mimi." Akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha binti yake, akaomba kwa Kirundi, muda mrefu.

Mimi nilisimama pembeni. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kushika bahasha ya karatasi.